Kucheua si Kutapika: Neno kwa Baba Aliye Askari

Askari hufundishwa tangu siku zake za kwanza kwamba mlinzi aweza kukosa kwa njia mbili. Aweza kulala, adui akapita; na aweza kumfyatulia risasi mwanakijiji asiye na hatia anayerudi kutoka shambani. Wa kwanza ameshindwa kuona, wa pili ameshindwa kutambua, na mbele ya mkuu wa kikosi wote wawili watajibu. Leo napenda kuwaomba ndugu zetu wa jeshi na wa polisi waichukue hekima hiyo ya lindoni na kuiingiza nyumbani mwao, penye kitanda cha mtoto mchanga. Huko nako makosa hayo mawili hutendeka kila siku, na anayelipa ni mtoto.

Jambo lenyewe ni maziwa yanayorudi. Mtoto hunyonya akashiba, na kabla mama hajamaliza kujifunga kanga, maziwa humtoka mtoto mdomoni, mengine yameganda kama mtindi, yakamlowesha mama bega zima. Waswahili huita kucheua. Kilichotokea ni kwamba maziwa yaliyokwisha kufika tumboni, pamoja na asidi inayoyeyusha chakula, yamepanda tena kwenye umio. Mtu mzima akipatwa na jambo hilo husema ana kiungulia. Mtoto mchanga hawezi kusema, na kwa kuwa hawezi kusema, wakubwa humsemea. Hapo ndipo matatizo huanza. Wengine huona ugonjwa pasipo na ugonjwa, wakamtesa mtoto kwa dawa na visu. Wengine huona kucheua mahali penye ugonjwa, wakamwacha mtoto afe kwa maradhi yaliyokuwa na tiba.

Ili maneno haya yawe na mahali pa kusimama, twende Kabuta. Kabuta imo katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Wenyeji husema Kibemba, lakini Kiswahili nacho husikika wilayani, kwani wavuvi na wachuuzi wameyavuka maji hayo kwa miaka mingi, na mwaka 2018 yalifunguliwa humo makazi ya Mantapala kwa ajili ya watu waliokimbia mapigano ya Kongo. Maisha ya huko ni samaki na mihogo. Kila mwaka, tangu Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Majira hayo ndiyo pia majira ya mvua na ya mbu. Nchelenge inajulikana sana kwa wachunguzi wa malaria, kwa kuwa ni mojawapo ya wilaya za Zambia ambamo ugonjwa huo huambukizwa kwa wingi mno. Nimeichagua kwa sababu hiyo: ni mahali ambapo mzazi asiyetambua dalili hapati nafasi ya pili.

Tumfikirie, basi, askari polisi mmoja aliyepangiwa kazi kwenye ufuko kama huo. Anarudi alfajiri kutoka doria, buti zimejaa tope, na mlangoni anamkuta mkewe amekaa na mtoto wao wa kwanza, mwenye umri wa miezi miwili. Kanga imelowa maziwa. Mama mkwe anasema maziwa ya mama yameharibika, mtoto aanzishiwe uji. Jirani anamjua fundi mmoja wa mitishamba. Mwenye duka amekwisha kutoa chupa ya dawa ya tumbo, ya kulipwa mwisho wa mwezi. Kisha wote wananyamaza na kumtazama yeye, kwani yeye ndiye mwenye mshahara, na ndiye awezaye kuomba gari la kituo. Aamue nini? Mafunzo yake yote ya silaha na ya sheria hayakumpa jibu. Nasema yapasa alipate, na si gumu.

Kwanza afahamu sababu ya maziwa kurudi. Mwishoni mwa umio, pale unapoungana na tumbo, pana msuli wa mviringo unaofunga na kufungua kama mdomo wa mfuko wa kamba. Kwa mtoto mchanga msuli huo haujakomaa, hulegea ovyo. Tena tumbo lake ni dogo, chakula chake chote ni cha maji, na muda mwingi hulala chali. Mfuko uliojaa maji, wenye kamba iliyolegea, ukilazwa utamwaga. Hakuna uchawi ndani yake. Mwaka 1997 madaktari wa eneo la Chicago, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwauliza wazazi 948 wa watoto wenye afya. Katika watoto wa chini ya miezi mitatu, nusu walikuwa wakicheua walau mara moja kwa siku. Walipofika miezi minne, idadi ilipanda ikawa wawili katika kila watatu. Lakini walipofika miezi kumi hadi kumi na miwili, walibaki watano tu katika mia. Watoto hao hawakuponywa na mtu yeyote. Walikua tu, walijifunza kukaa, wakaanza kula chakula kizito, na ule msuli ukakomaa.

Kwa hiyo kucheua kwa kawaida huanza katika wiki za mwanzo, huzidi kufikia mwezi wa nne, na hupungua kadiri mtoto anavyokaribia mwaka. Huo ndio mwanakijiji wetu anayerudi kutoka shambani. Ili kumtambua, baba ajiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: je, mtoto anakua? Jibu halimo machoni pa baba, limo kwenye mzani na kwenye kadi ya kliniki. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto mwenye afya huongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku, na akifikia miezi mitano hivi uzito aliozaliwa nao huwa umekwisha kuwa maradufu. Mstari wa kadi ukipanda, basi chakula kinabaki tumboni, hata kama kanga ya mama hailali kavu. Maziwa yaliyomwagika hudanganya macho: mimina kijiko kimoja juu ya kitambaa uone doa lake lilivyo kubwa.

Swali la pili: je, mtoto yu mchangamfu? Hunyonya kwa hamu, hucheua, kisha hutabasamu au hulala usingizi mtulivu. Hukojoa mara sita au zaidi kwa siku. Kulia peke yake si ushahidi. Watoto wote hulia, na kilio huwa kingi kupita nyakati zote katika wiki ya sita hivi ya maisha, kisha hupungua chenyewe.

Swali la tatu: je, kinachotoka ni maziwa, na kinatoka kwa upole? Kucheua hutiririka. Hakuna nguvu ndani yake, wala tumbo halikazi. Kutapika ni jambo jingine: tumbo hukaza, mwili hujikunja, na kilichomo hutoka kwa kishindo.

Majibu ya maswali hayo matatu yakiwa mema, baba atulie. Hana mgonjwa nyumbani, ana nguo za kufua.

Lakini kuna hatua ya kati. Wapo watoto wachache ambao asidi hiyo huwaumiza. Mtoto wa namna hiyo huanza kunyonya, akavuta mara chache, halafu huliacha titi akilia na kupinda mgongo nyuma kama upinde. Hurudia hivyo kila anaponyonya, siku baada ya siku, mpaka huogopa chakula. Wengine hukohoa au hukoroma kifuani mara kwa mara. Wengine maziwa hayafiki mdomoni, hupanda na kushuka kooni, basi mama husikia tu mtoto akimeza na kulia. Dalili iliyo nzito kuliko zote ni mstari wa kadi kulala au kushuka. Huyu apelekwe kwenye kituo cha afya, si kwa hofu, bali kwa uhakika. Na mama aeleze yote aliyoyaona, kwani kwa ugonjwa huu macho ya mama na mzani hufaa kuliko vipimo vingi.

Kisha yupo adui mwenyewe. Huyu hajifichi; tatizo ni kwamba tunamwita kwa jina la mwanakijiji. Dalili zake baba azikariri kama anavyokariri namba ya bunduki yake.

Mtoto mchanga akitapika rangi ya kijani, hiyo ni nyongo, na yaweza kuwa utumbo umejisokota au umeziba. Hapo hesabu si ya siku, ni ya saa. Akitapika damu, au choo chake kikiwa na damu, apelekwe mara moja. Ingawa wakati mwingine michirizi midogo ya damu hutoka kwenye chuchu ya mama iliyopasuka, kazi ya kuamua hivyo ni ya mganga, si ya baba. Tumbo likivimba na kuwa gumu, utosi ukituna, au mtoto akiwa mlegevu asiyeamka vema, apelekwe mara moja. Na ikiwa kutapika kumeanza baada ya miezi sita, mtoto hakuwahi kucheua kabla, basi hilo si kucheua, litafutiwe jina lake.

Yuko pia mtoto wa wiki tatu hadi sita hivi, mara nyingi mvulana, ambaye hutapika kwa nguvu kila anyonyapo, maziwa yakaruka mbali, na mara tu baada ya kutapika hutaka kunyonya tena kwa njaa. Huyo huenda njia ya kutokea tumboni imezibwa na msuli ulionenepa. Zamani wengi wao walikufa. Mwaka 1912 daktari wa Ujerumani, Conrad Ramstedt, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa daktari wa jeshi, alitangaza upasuaji mfupi wa kuupasua msuli huo bila kutoboa utando wa ndani, na hadi leo upasuaji huo huwaponya watoto. Lakini haumponyi mtoto aliyewekwa nyumbani mpaka akakauka maji.

Mwisho ni homa, na hapa narudi Kabuta. Kucheua hakuleti homa. Katika nchi ya malaria, mtoto mwenye mwili wa moto anayetapika achukuliwe kuwa ana malaria au ugonjwa mwingine mzito mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Na akiwa na umri wa chini ya miezi miwili, homa yoyote ni dharura, sawa na mwili kuwa baridi kuliko kawaida, au kupumua mara 60 na zaidi kwa dakika. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF katika miaka ya 1990 unataja dalili nne za hatari kwa mtoto wa chini ya miaka mitano: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au amepoteza fahamu. Dalili moja tu kati ya hizo yatosha. Haihitaji kikao cha wazee.

Sasa nizungumzie wale wanaompiga risasi asiye na hatia. Katika Tanzania upo mtindo wa tangu zamani wa kukata kimeo, yaani kile kinyama kinachoning'inia kooni, kwa imani kwamba ndicho kimletacho mtoto kikohozi na kutapika. Katika miaka ya 1980 ukaenea na mwingine, wa kung'oa vile viitwavyo meno ya plastiki, eti ndiyo yaletayo homa, kuhara na kutapika. Yanayong'olewa si plastiki: ni meno halisi ya mtoto ambayo hayajachomoza, hukwanguliwa kutoka ufizini kwa kitu chenye ncha. Kimeo hakitapishi mtoto, wala ufizi hautapishi mtoto. Lakini kisu kichafu huleta damu isiyokoma, usaha na pepopunda. Na kwa kuwa watoto wengi wanaocheua huacha wenyewe kadiri wanavyokua, fundi hupata sifa kwa kazi ambayo umri ungeifanya bure. Hilo ndilo linaloupa mtindo huu maisha marefu.

Tusiwacheke mafundi hao peke yao, maana wenye elimu nao wana visu vyao. Siku hizi ni rahisi kununua dawa za kupunguza asidi na kumpa mtoto kwa sababu tu analia na kucheua. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya majaribio kwa watoto wachanga 162. Nusu walipewa dawa ya namna hiyo, nusu walipewa kitu kisicho dawa. Walioonekana kupata nafuu walikuwa 54 kwa mia katika kundi la kwanza, na 54 kwa mia katika kundi la pili. Ila waliopewa dawa walipata zaidi maradhi mazito, hasa ya kifua. Dawa hizo zina mahali pake, kwa mtoto aliyeonwa na mganga akathibitishwa kuwa asidi inamdhuru. Si za kununuliwa dirishani. Magadi na soda ya kuokea ni hatari kwa mtoto mchanga na asipewe asilani. Uji na maji kabla ya miezi sita huleta kuhara na kumnyima nafasi ya maziwa. Kumwachisha titi ili apewe maziwa ya kopo, kwa mtoto anayecheua tu, ni kumvua ngao katikati ya vita.

Yafaayo nyumbani ni machache na hayana bei. Mtoto anyonye kidogo kidogo na mara nyingi, asijazwe. Abeulishwe katikati na mwisho. Ashikwe wima kama nusu saa baada ya kunyonya, na asifungwe mgongoni papo hapo tumbo likabanwa. Kazi ya kumshika wima yaweza kabisa kufanywa na baba, hata akiwa bado na sare. Moshi wa sigara usiingie chumbani. Na mtoto alazwe chali, juu ya godoro lisilo na mto, ndani ya chandarua. Wengi huogopa kwamba akilala chali atapaliwa na maziwa. Uzoefu wa nchi nyingi tangu miaka ya 1990 umeonyesha kinyume: kulala chali hakuongezi kupaliwa, bali hupunguza vifo vya ghafla vya watoto usingizini.

Baada ya hayo nina neno kwa wakuu. Huwa tunasema habari za watoto ni za akina mama, na kliniki zetu zimejaa wanawake watupu. Lakini mama anapotaka kusafiri usiku na mtoto anayetapika kijani, anayeombwa nauli ni baba, anayeombwa ruhusa ni kamanda, na penye gari moja tu mwenye ufunguo ni afande wa zamu. Ikiwa watu hao watatu hawajui tofauti ya kucheua na kutapika, ujuzi wa mama hauna miguu. Kwa hiyo naona ni haki kuomba mambo matatu. Kila kambi na kila kituo kiwe na saa moja ya somo la dalili za hatari za mtoto, litolewe na muuguzi mbele ya gwaride zima, si mbele ya wake peke yao. Askari mwenye mtoto wa chini ya mwaka apewe nafasi, walau mara chache, kwenda naye kliniki akaione kadi na mzani kwa macho yake. Na dalili za dharura zibandikwe ukutani pa chumba cha zamu, ili afande asihitaji kuuliza kwa nini mtu anaomba gari saa nane za usiku.

Najua litakalojibiwa: kazi ya jeshi na polisi ni ulinzi, ratiba imejaa, na kikosi si zahanati. Ni kweli. Lakini askari anayelinda mpaka huku moyo wake uko kwa mtoto asiyejua ana nini, huyo analinda nusu. Saa moja ya somo ni ndogo kuliko siku za msiba. Na kwa ndugu zetu wa polisi kuna zaidi: mtoto anapokufa mikononi mwa mkata vimeo, ni wao wanaoitwa. Heri wafike kijijini kabla, wakiwa na maneno, kuliko kufika baadaye wakiwa na jalada la kesi.

Turudi kwa yule askari aliyesimama mlangoni alfajiri. Sasa anajua la kufanya. Anamgusa mtoto, hana moto. Anamwuliza mkewe rangi ya kilichotoka. Ni maziwa meupe, yametiririka. Anaomba kadi, naye anaona mstari umepanda tangu mwezi uliopita. Mtoto anamtazama, anacheka, anacheua tena kidogo. Baba anamrudishia mwenye duka chupa yake kwa shukrani, anamwambia mama mkwe kwa heshima kwamba uji utangoja miezi minne mingine, kisha anamwegemeza mtoto begani mwake ili mama apate usingizi. Na endapo siku moja mwili huo mdogo utakuwa wa moto, au kilichotoka kitakuwa kijani, askari huyo huyo hatamwuliza jirani wala fundi. Atakwenda moja kwa moja kugonga mlango wa afande wa zamu, na afande atampa ufunguo.